Ziwa, Sataranji na Daftari la Mwalimu

Sisi wa Mwanza tunalijua ziwa kwa upande wa kusini, upande wa mawe. Mtu aliyekulia Kirumba, aliyezoea tangu utotoni kuona majabali yamesimama majini, akifika Kisumu hutafuta mawe asiyaone. Hapa ziwa limeingia nchi kavu taratibu, likajikunja ndani ya Ghuba ya Winam, na siku ambayo upepo umelisukuma gugu maji ufuoni unaweza kusimama Dunga, ukatazama mbele, ukaona kijani kitupu mahali ambapo ramani inasema pana maji. Kenya ina takribani asilimia 6 tu ya ziwa lote, na Tanzania ina karibu nusu. Lakini msikilize Mjaluo wa Kisumu akilizungumzia: utadhani lote limeanzia mlangoni kwake. Nilimpenda kwa hilo. Kwetu Mwanza tuna sehemu kubwa zaidi ya ziwa na tunalizungumzia kama barabara tu, njia ya kupitisha mizigo kwenda Bukoba na Ukerewe.

Reli ilifika hapa mwaka 1901, na waliokuja nayo wakauita mji Port Florence. Jina hilo lilikufa, la wenyeji likabaki. Mwaka 2001, miaka mia moja baadaye, Kisumu ikatangazwa kuwa jiji.

Mwenyeji wangu ni mama anayeuza mitumba soko la Kibuye, mtu wa maneno machache na mkono mzito wa kupakua. Jioni ya kwanza alinipikia omena. Dagaa ni wale wale ninaowajua, ila mapishi yao huku ni mengine: huchemshwa kidogo, maji yakamwagwa, kisha hukaangwa kwa kitunguu na nyanya nyingi, na mwishoni hutiwa maziwa, mchuzi ukawa mzito. Pembeni kulikuwa na mboga za osuga na dek zilizochanganywa, chungu kwa mbali, zimelala na maziwa usiku kucha kabla ya kupashwa tena. Na ugali wa mtama, mweusi, ambao kwetu mjini tumeuacha tukidhani ni chakula cha njaa. Huku unaandaliwa mgeni. Niliula nikiona aibu kwa niaba ya jiji langu.

Salamu nazo ziko kivyake. Nilikuwa nikipita mbele ya wazee na kusema shikamoo, kama nilivyolelewa. Wengine waliitikia vizuri, wengine walicheka kwa furaha, na karibu wote walinipa mkono kwanza, mkono ulioshikwa kwa nguvu na kutikiswa mpaka habari zote za nyumbani ziishe. Mtoto wa mwenyeji wangu, wa miaka kumi na moja, naye alinipa mkono vivyo hivyo, akanitazama usoni, akauliza swali lake la kwanza: "Anko, unajua kucheza chesi?"

Nikamwambia najua. Uso wake ulibadilika. Jumamosi hiyo akanishika mkono kunipeleka Kondele kwa mwalimu wake.

Kondele ni mahali penye kelele za haki: tuktuk, bodaboda, mahindi ya kuchoma, spika za maduka zinazoshindana. Nyuma ya hayo yote, ndani ya ukumbi mdogo wa kanisa, nilikuta watoto wapatao ishirini wameinamia mbao za sataranji, kimya. Mbao zenyewe zilikuwa turubai za plastiki zinazokunjwa. Palipopotea kete, palikuwa na kizibo cha soda kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: ngome, farasi. Nilifurahi kuviona vile vizibo. Kwetu, chini ya miembe na mbele ya vinyozi, drafti nzima huchezwa kwa vizibo, upande mmoja vimelala chali, upande wa pili kifudifudi, na wapo wazee wa drafti Mwanza ambao sijui kama dunia ina mtu wa kuwafunga.

Mwalimu alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei. Siku za kazi anafundisha hisabati shule ya msingi; Jumamosi anafundisha sataranji bila malipo. Mezani kwake palikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kitabu cha Kiingereza kilichokwisha jalada, kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Cha pili ni daftari kubwa la mistari, la aina ambayo wenye maduka huandikia madeni.

Kitabu kilikuwa cha Fred Reinfeld, 1001 Brilliant Ways to Checkmate, kilichotoka mwaka 1955. Mwalimu alikiokota kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara katikati ya mji. "Nilikinunua kwa bei ya chapati mbili," aliniambia, "halafu nikakaa nacho mwezi mzima sikielewi."

Hakukielewa kwa sababu ya namna kilivyoandikwa. Watoto wa leo wanajifunza kuiita kila mraba wa ubao kwa herufi na namba: e4, f7, h8. Kila mraba una jina moja, yeyote anayeutazama. Vitabu vya zamani vya Kiingereza havikufanya hivyo. Viliandika P-K4, yaani askari asogee mpaka mraba wa nne wa safu ya mfalme, na hesabu ilianzia kwa mchezaji mwenyewe. Mraba ambao mweupe anauita wa nne kwa mfalme, mweusi aliyekaa ng'ambo anauita wa tano. Ubao mmoja, lugha mbili zinazotazamana. Shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, liliacha kuutambua mtindo huo mwaka 1981, lakini vitabu havikuachwa pamoja nao. Viliendelea kusafiri katika marobota ya mitumba mpaka vikafika Kisumu.

Basi mwalimu alianza kazi. Kila usiku alichukua fumbo moja la Reinfeld, akalipanga ubaoni, akalitatua, akaliandika upya kwenye daftari: mchoro, kisha hatua kwa e4 na f7, kisha maelezo ya Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Nililifungua. Palikuwa na sentensi kama: "Farasi huyu anawatisha wawili kwa mpigo, mfalme na malkia, mfalme lazima akimbie, malkia ataliwa." Na nyingine: "Ngome hii haiwezi kusogea hata hatua moja kwa sababu nyuma yake amekaa mfalme." Safi, fupi, bila mapambo. Nimesoma vitabu vingi vya michezo katika Kiswahili, vingi vikiwa tafsiri zilizokauka, na nasema kwa uhakika kwamba sijakuta maelezo bora kuliko yale ya daftari la madeni la Kondele.

Nikamuuliza kama anajua huyo Reinfeld alikuwa nani. Akasema anajua jina tu. Tukakaa mlangoni, chai ya maziwa mkononi, nikamweleza ninayoyajua, na nayaweka hapa kwa sababu ndiyo yaliyonifuata safari nzima.

Fred Reinfeld alizaliwa New York mwaka 1910. Alikuwa mchezaji hasa. Alitwaa ubingwa wa jimbo la New York mara mbili, mwaka 1931 na 1933, na aliwahi kumshinda Samuel Reshevsky, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa walioishi Marekani. Mtu mwenye rekodi hiyo angeweza kuzeeka akisimulia ushindi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kidogo, aliacha mashindano. Akakaa mezani akaandika. Alianza na vitabu vizito, vya kuchambua michezo ya mabingwa kama Nimzowitsch na Tarrasch. Kisha akageukia wanaoanza, watu wa kawaida waliotaka mtu wa kuwaonyesha njia kwa lugha wanayoielewa. Mpaka anafariki mwaka 1964, akiwa na miaka 54, alikuwa ameandika vitabu zaidi ya 100, na si vya sataranji peke yake: sarafu, stempu, sayansi.

Wapo wajuzi waliomdharau. Walisema amejishusha, kwamba bwana wa kiwango chake hakupaswa kuandikia wanafunzi wa darasa la kwanza. Mimi nakataa. Wale waliomfunga Reinfeld ubaoni nusu yao hakuna anayewakumbuka, na michezo waliyomfunga haimfundishi mtu kitu. Lakini miaka sitini baada ya kifo chake, mtoto wa muuza mitumba wa Kibuye amejifunza kutoa sadaka ya malkia ili kumfunga mfalme kwa farasi, na aliyemfundisha ni Reinfeld, kwa mkono wa mwalimu mmoja wa hisabati. Huo ni ushindi mkubwa kuliko ubingwa wa jimbo.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa mwalimu tu kama sisi." Akarudi ndani kwa watoto.

Siku iliyofuata nilishuka Dunga kula samaki. Huko unachagua mwenyewe: ngege, ambaye kwetu ni sato, au kipande cha mbuta, ambaye kwetu ni sangara. Mama anayekaanga anamchanja pande zote mbili, anamtumbukiza kwenye mafuta yanayochemka, na anakuja mezani na ugali, sukuma na chumvi ya pilipili. Mbuta si mwenyeji wa maji haya. Aliletwa katikati ya karne iliyopita, akala samaki wengi wadogo waliokuwamo, akaleta viwanda na fedha za kigeni. Mzee niliyekaa naye meza moja alimzungumzia kama jirani mkorofi aliyekwishaoa ndani ya ukoo: humpendi, lakini huwezi kumfukuza.

Mzee huyo na mwenzake walikuwa wakicheza ajua, bao la Wajaluo, kwenye ubao uliong'aa kwa kushikwa na mikono ya miaka mingi. Mbegu zilitembea kutoka shimo hadi shimo kwa kasi ambayo macho yangu hayakuifuata. Nilimuuliza, "Jaduong', mchezo mzuri uliowahi kuuona hapa ni upi?"

Akawaza. Akaniambia habari za mtu mmoja wa zamani, mvuvi, aliyekuja jioni moja akakuta mchezaji mmoja amekaribia kushinda, zimebaki mbegu chache tu, akakaa mahali pa aliyekuwa anafungwa, akaugeuza mchezo. Watu walisimama. Alisimulia kwa mikono, kwa macho, kwa vicheko.

"Alichezaje?" nikauliza. "Alianzia shimo gani?"

Mzee akatazama ubao, akagusa shimo moja, akaacha, akagusa jingine. "Hilo, mtu wa Nyerere, amekwenda nalo mwenyewe," akasema. Wala hakulisikitikia. Aliongeza kuwa mchezo ni wa jioni yake, na jioni nyingine ina mchezo wake.

Nimelitafakari jibu hilo sana. Lina heshima yake, na katika nchi yetu ya masimulizi si jibu la kupuuzwa. Nilipokuwa njiani kwenda Homa Bay nilipita Kendu Bay, karibu na ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo Wajaluo wote wanajua lilivyotokea: kijiji kilichokuwa kwenye karamu kilimnyima hifadhi bibi kizee mgeni, usiku maji yakapanda yakakimeza. Hakuna aliyehitaji kitabu kuihifadhi hadithi hiyo. Kila mama anaisimulia kwa maneno yake, mmoja anaongeza mvua, mwingine anamwongeza mwanamke mwema aliyeokoka, na hadithi inabaki hai, pengine hai zaidi kwa kubadilishwa. Lakini mchezo wa ubaoni hauna ruhusa hiyo. Ukibadilisha hatua moja katika mchezo wa sataranji, ukasema farasi alikwenda kushoto na hali alikwenda kulia, umeuua wote. Hadithi inavumilia kusahau, mchezo hauvumilii. Mvuvi yule wa ajua amebaki kama jina na kicheko. Akili yake, kile alichokiona ubaoni ambacho wengine hawakukiona, imezama.

Nilimkumbuka Abu Bakr as-Suli. Huyu aliishi Baghdad zama za Bani Abbas, akawa mwenzi wa makhalifa, mwanahistoria na mtu wa fasihi. Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia mwaka 902 hadi 908, alikuwa na mchezaji wake kipenzi, al-Mawardi. As-Suli akamfunga mbele ya khalifa, akawa yeye wa kwanza. Angeishia hapo tusingekuwa na la kusema juu yake. Lakini aliandika. Aliandika juu ya sataranji, akakusanya mafumbo yake na ya al-Adli aliyemtangulia, akaeleza jinsi ya kuanza na jinsi ya kumaliza. Akaacha na fumbo moja lililokuja kuitwa almasi ya as-Suli: kete nne tu ubaoni, wafalme wawili na mawaziri wawili, na mweupe anacheza na kushinda. Alifariki Basra karibu na mwaka 946, utukufu wa ikulu ukiwa umemtoka.

Fumbo lile lilikaa takribani miaka elfu moja. Waliojaribu walichoka. Miaka ya 1980 Yuri Averbakh wa Moscow alitoa jawabu lake. Averbakh alikuwa bingwa wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1954, kisha naye akageuka mwandishi, akatunga juzuu kubwa za namna ya kumaliza mchezo kete zikiwa chache, akahariri jarida la sataranji la nchi yake. Aliishi miaka 100, kuanzia 1922 mpaka 2022. Bingwa mwandishi wa Baghdad aliuliza, bingwa mwandishi wa Moscow akajibu. Kati yao milki ngapi zilianguka! Na waliweza kuzungumza kwa sababu moja tu, kwamba wa kwanza aliandika.

Hapa mimi Mswahili naumia kidogo. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakija pwani yetu karne hizo hizo, na huenda sataranji ilivuka nayo. Pwani ilicheza bao lake, mpaka Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga wa karne ya 19, akalitungia shairi. Hata hivyo, ukiniuliza leo nikupe mchezo mmoja kamili wa bingwa mmoja wa Kiswahili wa zamani, wa sataranji au wa bao, hatua kwa hatua, sina.

Homa Bay nilipita haraka. Jua lilikuwa kali na milima yake nzuri nimeihifadhi kwa safari nyingine. Mbita ndiko nilikokaa. Unavuka daraja lililofunguliwa mwaka 2017, unaingia kisiwa cha Rusinga, na ghafla nikawa nyumbani: mawe tena, vilima vikavu, mitumbwi ya rangi, taa za wavuvi wa omena zikiwaka usiku juu ya maji hata ukadhani mji umejengwa ziwani. Nilizuru kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 1969 akiwa na miaka 38, nikakaa kivulini na kijana wa bodaboda aliyenileta. Alikuwa ameinamia simu. Nikadhani anatazama mpira. Alikuwa anacheza sataranji na mtu wa Brazil.

Alinionyesha. Dakika tatu kila upande, kete zikiruka. Alicheza vizuri, kwa ujasiri, akamfunga yule Mbrazili, akaanza mwingine kabla hatujapumua. Nikamuuliza kama anarudi kuutazama mchezo ulioisha ili aone ulivyokwenda. Akasema simu inaweka yote yenyewe. "Iko mia nyingi humo ndani," alisema, "sijawahi fungua hata moja."

Nimeona tofauti ya zama mbili katika ziwa moja. Mzee wa Dunga hana mchezo hata mmoja ulioandikwa, na kijana wa Rusinga anayo mamia, imeandikwa na mashine kwa usahihi ambao as-Suli asingeuota. Na wote wawili wako mahali pamoja. Kuhifadhi hatua peke yake hakumfundishi mtu. Anahitajika mtu wa kuketi, kusema hapa nilifikiri hivi, hapa niliogopa, hapa mwenzangu aliona nisichokiona. Kazi hiyo ndiyo Reinfeld aliyoifanya, na ndiyo inayofanywa usiku kule Kondele.

Tunao mfano wa karibu zaidi, ng'ambo ya ziwa hili. Robert Katende alianza mwaka 2004 kuwafundisha sataranji watoto wa Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alicheza Olimpiadi ya sataranji Istanbul mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa. Dunia ilizijua habari zao kwa kitabu cha mwandishi wa Marekani, Tim Crothers, kisha kwa filamu ya mwaka 2016, Queen of Katwe. Watoto wa Kondele wanaijua filamu hiyo kwa moyo, na wana sababu ya ziada: aliyecheza mama yake Phiona ni Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, gavana wa Kaunti ya Kisumu tangu 2017. Baadaye Katende aliandika mwenyewe kitabu cha maisha yake. Namheshimu Crothers, alifanya kazi nzuri. Lakini kitabu cha Katende kina uzito wa pekee kwangu, kwa kuwa aliyekuwa akisimuliwa alichukua kalamu. Na kule Afrika Kusini, Watu Kobese, mchezaji mwenye cheo cha bwana wa kimataifa, alikwenda hatua mbele: aliandika kitabu cha kufundisha sataranji kwa Kixhosa. Bwana mwenyewe, kwa lugha ya mama yake.

Ufuo huu wenyewe unajua thamani ya hilo. Grace Ogot, muuguzi aliyezaliwa mwaka 1930 na kutokea Asembo, aliandika The Promised Land mwaka 1966, hadithi ya mume na mke Wajaluo wanaovuka kuja kutafuta ardhi upande wetu wa Tanganyika. Kiingereza kilimpa jina duniani. Hata hivyo alirudi akaandika Kijaluo, na Miaha yake ikatoka mwaka 1983. Hakuona kwamba amejishusha.

Kabla sijaondoka Kisumu nilirudi ule ukumbi wa kanisa. Mtoto wa mwenyeji wangu alinifunga mara mbili mbele ya wenzake, na mara ya pili alinionyesha, kwa ukarimu mkubwa, nilipopotea njia. Baada ya hapo alichukua kalamu, akauandika mchezo wote kwenye karatasi, jina langu juu, lake chini, hatua thelathini na moja. Ndiyo sheria ya mwalimu: mchezo usioandikwa haukuchezwa. Nilimuuliza mwalimu kama amewahi kulipeleka daftari lake kwa mchapishaji. Akasema alijaribu mara moja, akaambiwa vitabu vya michezo haviuzi, na kwamba kama anataka kuandika aandike vya mtihani.

Nalijua jibu hilo. Nimelisikia Dar es Salaam, nimelisikia Nairobi. Linatoka kwa watu ambao hawajaingia kwenye ukumbi ule Jumamosi asubuhi wakaona watoto ishirini wanavyogombania kitabu kimoja cha mwaka 1955 kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu.

Kwa hiyo nasema na wanaohusika. Mabingwa wa Kampala, Nairobi, Kisumu na Dar es Salaam mnaopeperusha bendera zetu kwenye Olimpiadi: chagueni michezo yenu kumi, mkae, mtueleze kwa Kiswahili mlichokuwa mkiwaza. Wazee wa drafti wa Mwanza, na mafundi wa bao wa Unguja na Mombasa: mtafuteni kijana mwenye daftari, mcheze polepole, aandike. Na wachapishaji, nendeni Kondele. Mwalimu amekwisha kuandika mafumbo zaidi ya mia mbili, yako tayari, na mwandiko wake unasomeka.